Mgonjwa si gunia la mahindi

Ukitaka kuwaona watu wanaouheshimu mgongo, usiende hospitalini. Nenda Kibuye, kwenye gereji za jua kali, siku ambayo injini ya matatu inatolewa. Humwoni fundi yeyote akiinama juu ya boneti na kuikumbatia injini kama mtoto mchanga. Kwanza atatumwa kijana alete cheni bloku. Itatundikwa kwenye mihimili ya chuma, injini itafungwa minyororo, kisha fundi mmoja mwembamba atavuta mnyororo kwa mkono mmoja huku akiendelea kupiga soga na mwenye gari. Injini inapanda polepole, krr, krr, krr, wala hapana anayetokwa na jasho.

Asubuhi moja nilikuwa hapo nikisubiri gari la shemeji yangu. Nikamwuliza fundi injini ile ina uzito gani. Akakadiria kilo 150. Nikamwuliza tena, kwa ujinga wangu, kwa nini wao vijana wanne wenye misuli wasiiinue kwa mikono wakamaliza kazi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hanywi petroli.

"Dada yangu," akaniambia, "injini ina spea. Mgongo hauna."

Nilicheka nikaenda zangu, nisijue kwamba maneno hayo ningeyakumbuka mchana wa siku iyo hiyo.

Mchana huo nilikwenda kumjulia hali shangazi yangu, aliyekuwa amelazwa kwa ugonjwa wa kiharusi katika hospitali moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa niliyoyaona huko huweza kuonekana katika wadi nyingi za nchi hii. Kwetu tunamwita Waya, neno la Kijaluo la dada ya baba. Msimchanganye na waya wa stima. Waya ni mama wa maungo. Kabla ya kuugua alikuwa na kilo 94, naye hakuwa mtu wa kuzionea haya. Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, mkono na mguu, na daktari alikuwa ameagiza apelekwe kupigwa picha ya kichwa.

Kumpeleka huko ilibidi kwanza atolewe kitandani awekwe juu ya machela ya magurudumu. Sista aliyekuwa zamu alikuwa peke yake upande ule wa wadi. Akatazama huku na huku, akauliza, "Nani wa familia hapa?" Tukajitokeza mimi na mwana wa Waya, na bwana mmoja aliyekuja kumwona mgonjwa wa kitanda cha jirani, mwenye huruma zake. Tukashika pembe nne za blanketi, kila mtu na pembe yake. Sista akahesabu kwa Kijaluo ili Waya naye asikie: achiel, ariyo, adek!

Tuliinua. Blanketi likaporomoka upande wangu, kwa maana mikono yangu imezoea kalamu. Machela, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunga breki, ikasogea. Kwa muda mfupi Waya alikuwa hayuko kitandani wala hayuko kwenye machela. Sista akajitupa mbele, akaupitisha mkono wake chini ya kiuno cha Waya na kumsukuma juu kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Waya akafika salama. Sista hakupiga kelele. Alishika tu ukingo wa kitanda, uso umembadilika rangi, akasema, "Endeleeni, msimwache peke yake."

Majuma kadhaa baadaye nilimtafuta yule sista nikamkuta nyumbani kwake Nyalenda. Ana umri wa miaka 34 na watoto wawili. Kisahani kimoja kati ya pingili za uti wa mgongo kilikuwa kimetoka mahali pake na kubana mshipa wa fahamu, maumivu yakiteremka hadi kwenye unyayo. Siku hizi yuko kwenye meza ya kupokea wagonjwa, anaandika kadi. Amesomea kuuguza watu miaka mitatu na nusu na kazi hiyo aliipenda, lakini hawezi tena kuinama juu ya kitanda. "Si Waya wako aliyeniumiza," aliniambia, akiogopa nisije nikajilaumu. "Waya wako alikuwa wa mwisho tu. Mgongo huu nimeutumia miaka kumi."

Hebu tuufanyie hesabu mgongo huo.

Mwaka wa 2007 mtaalamu mmoja wa Marekani, Thomas Waters, wa taasisi ya serikali yao inayochunguza usalama kazini, ijulikanayo kama NIOSH, alijaribu kujibu swali ambalo linaonekana jepesi: ni uzito gani wa mgonjwa ambao muuguzi anaweza kuuinua kwa mikono bila kujihatarisha? Jibu lake lilikuwa ratili 35, yaani takriban kilo 16. Na hizo ni kilo za siku njema, mgonjwa akiwa mtulivu na anashirikiana, na muuguzi akiwa hana haja ya kujipinda. Mtungi wa maji wa lita 20 ambao msichana wa Manyatta hujitwika kutoka kwenye kioski una kilo 20. Mguu mmoja wa binadamu huwa kama asilimia 16 ya uzito wake mzima. Piga hesabu kwa kilo za Waya utaona kwamba mguu wake mmoja tu, ule uliokufa ganzi, una kilo 15. Kumbe yule sista alikuwa anafikia kikomo chake kabla hata hajaugusa mguu wa pili.

Utasema, mbona wachukuzi wa magunia kule sokoni hubeba kilo 90 mgongoni? Kwanza, nao huumia, ila hakuna anayekwenda kuwahesabu. Pili, mgonjwa si gunia la mahindi. Gunia hulikaribia, ukalikumbatia, ukalitwika begani, uzito wote ukateremka wima kwenye miguu. Mgonjwa amelala katikati ya kitanda, nawe umesimama ukingoni, umeinama, mikono umeinyoosha. Mzigo ulio mbali na kiuno huwa mzito mara nyingi zaidi kwa uti wa mgongo, kama vile ndoo ya maji inavyochosha ukiishika kwa mkono ulionyooka. Gunia pia haliogopi. Mgonjwa akihisi anaanguka hukushika shingo, hujikaza, hugeuka. Wataalamu waliopima jambo hili wamegundua kwamba hata wauguzi wawili wakisaidiana, migongo yao bado huvuka mpaka wa usalama. Kwa hiyo lile shauri tunalopeana sikuzote, kwamba inama kwa magoti na mgongo uwe wima, ni jema lakini halitoshi. Haliwezi kutosha, kwa kuwa ubavu wa kitanda umekuzuia usikaribie.

Tena jambo hili si la mara moja kwa siku. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Utaratibu huo ulisisitizwa sana na daktari Ludwig Guttmann katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, tangu mwaka wa 1944, alipopewa askari waliovunjika uti wa mgongo vitani, watu ambao zama zile walihesabiwa kuwa ni wa kufa tu. Wengi walikuwa wanakufa kwa sababu ya vidonda vya kulalia na maradhi ya figo. Guttmann akaamuru wageuzwe usiku na mchana, nao wakaishi, hata akawaanzishia michezo ambayo leo tunaiita Paralimpiki. Saa 24 ukigawa kwa 2 ni mara 12. Wadi ikiwa na wagonjwa 10 wa namna hiyo, ni mara 120 kwa siku ambapo mtu fulani anainama juu ya mtu fulani. Nasi mji wetu wa bodaboda hauwakosi vijana wanaoletwa wamevunjika uti wa mgongo. Hatuwakosi hata wa ziwani, wanaovushwa kwa mashua kutoka visiwani na kushushwa ufuoni juu ya mabega ya wavuvi.

Wauguzi wasipotosha kwa kazi hiyo, kuna mambo mawili. Ama mgonjwa hageuzwi, na kidonda kinaanza kumla matakoni na visiginoni, au anaburutwa juu ya shuka na ngozi inachunika. Ngozi ya mzee, msomaji wangu, ni kama karatasi ya sigara.

Sasa nikueleze kuhusu cheni bloku ya hospitali, maana ipo.

Nina binamu aliyekwenda Uingereza kuuguza, kama walivyokwenda Wakenya wengine, hasa baada ya serikali hizo mbili kutia saini mkataba wa wauguzi mwaka wa 2021. Alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba, na dakika nne kati yake alikuwa anazungumzia dari. Alipoingia wadini mara ya kwanza aliona reli nyembamba ya alumini imepita darini juu ya vitanda, akadhani ni ya kutundikia mapazia. Kumbe juu ya reli ile kuna kijisanduku chenye mota, na kutoka kwenye mota unateremka mkanda imara, na mwishoni mwa mkanda kuna fimbo yenye kulabu. Mgonjwa huvishwa kitambaa kigumu kinachopita mgongoni na chini ya mapaja. Kwa Kiswahili sijui neno lililo bora kuliko mbeleko, maana ni mbeleko hasa, ila hii inambeba baba na mama badala ya mtoto. Masikio ya mbeleko hutiwa kwenye kulabu, muuguzi hubonyeza kitufe, na mgonjwa hunyanyuka taratibu kutoka kitandani. Kisha husukumwa kwa kidole tu, akielea kwenye reli, hadi juu ya kiti cha magurudumu au hadi bafuni, na huko huteremshwa.

Kuna reli ya mstari mmoja inayopita juu ya kitanda kimoja. Kuna nyingine zilizofungwa kama fremu, reli moja ikitembea juu ya nyingine mbili, ili mota iweze kufika kila pembe ya chumba. Vifaa vya kawaida huinua kilo 200 na zaidi bila kulalamika, kwa hiyo Waya na kilo zake 94 angekuwa mgeni mwepesi. Mota hutumia betri inayojichaji ikirudi mahali pake, na kuna njia ya kumteremsha mgonjwa hata betri ikizima. Nalisema hili mapema kwa sababu najua wengi wenu mmekwisha kuanza kuuliza, "Na stima ikipotea?"

Siku ya mafunzo, binamu yangu alivishwa mbeleko yeye mwenyewe, akapandishwa hewani mbele ya wenzake. Anasema alishika kamba macho yamemtoka. "Hapo ndipo nilipojua mgonjwa huogopa nini," alisema. Akaambiwa kwamba kumwinua mgonjwa mzima kwa mikono, ila kwa dharura, si ushujaa, ni kosa la kuitwa ofisini. Uingereza walitunga kanuni za kuinua mizigo kwa mikono mwaka wa 1992, zikaanza kazi Januari 1993, zikimtaka mwajiri aepushe uinuaji wa hatari kila inapowezekana. Kanuni nyingine za mwaka wa 1998 zinataka mashine yoyote ya kuinulia watu ikaguliwe na mtaalamu kila miezi sita. Marekani nako, jimbo la Washington lilipitisha sheria ya hospitali zake mwaka wa 2006.

Haikuanzia darini, lakini. Miongo mingi iliyopita huko Oshkosh, jimbo la Wisconsin, kulikuwa na kijana aitwaye Ted Hoyer aliyepooza baada ya ajali ya gari. Yeye na jamaa yake walitengeneza winchi ya magurudumu ya kumtolea mtu kitandani, na hadi leo katika Marekani watu wengi huziita mashine hizo kwa jina lake. Napenda sana kwamba wazo lilitoka kwa mtu aliyekuwa akibebwa. Winchi za sakafuni bado zinatumika, lakini zina udhia wake: ni nzito kusukuma, zinataka nafasi, na pale ambapo vitanda vimebanana hazipiti. Ndipo nchi kama Denmark na Sweden zikahamia darini, mahali ambapo hakuna viatu, ndoo wala jamaa wa mgonjwa waliokaa juu ya mkeka.

Wala nisikudanganye kwamba kifaa hiki ni dawa ya kila kitu. Hospitali moja ya jimbo la British Columbia, Kanada, ilifunga mashine za darini katika wadi ya wagonjwa wa muda mrefu mwaka wa 1998. Majeraha ya wafanyakazi yatokanayo na kuwainua na kuwahamisha wagonjwa yalipungua sana, lakini yale ya kuwasogeza na kuwageuza kitandani hayakupungua vivyo hivyo. Mashine isipotumiwa kwa kila jambo, mgongo unaendelea kulipa. Mbeleko iliyochakaa nayo ni hatari kuliko kutokuwa nayo, na isiyofuliwa hubeba vijidudu kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine.

Sasa wale wa kunisuta nawasikia. "Dada, sisi tunanunua glavu na sindano kwenye duka la dawa la ng'ambo ya barabara, nawe unatuletea reli za darini!" Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Tena tuna kumbukumbu chungu. Mwaka wa 2015 serikali kuu ilikodisha mashine za mabilioni ya shilingi kwa ajili ya hospitali mbili za kila kaunti, na kamati ya Seneti ilipochunguza ikaripoti mwaka wa 2020 kwamba katika baadhi ya kaunti zilikuwa zimekaa bure kwa kukosa vyumba, umeme, maji au wataalamu wa kuziendesha. Anayependekeza mashine nyingine yoyote baada ya hayo lazima aseme kwa sauti ya chini.

Basi nasema kwa sauti ya chini. Kifaa kimoja cha darini hugharimu dola elfu kadhaa pamoja na kufungwa. Si pesa kidogo. Lakini muuguzi aliyesomeshwa miaka mitatu na nusu, akafanya kazi kumi, kisha akakaa kwenye meza ya kadi, yeye gharama yake ni ngapi? Hakuna anayeiandika katika kitabu chochote. Na sheria yetu wenyewe ya usalama na afya kazini, ya mwaka wa 2007, inamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi ainue kwa mikono mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumdhuru. Sheria haikusema "isipokuwa mzigo huo ukiwa ni shangazi ya mtu." Mwenye ghala la simiti anaijua. Sijui kwa nini tumezoea kuiona kama haiingii mlango wa wadi.

Lakini hoja niliyotaka kukuletea leo ni ya dari yenyewe kuliko mashine.

Wakazi wa Kisumu wote wanaijua Russia, ingawa jina lake rasmi leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Ilijengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti, matunda ya urafiki alioutafuta Jaramogi mwenyewe, na ikafunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta tarehe 25 Oktoba 1969, siku iliyoishia kwa risasi na vilio ambavyo wazee wa mji huu hawajavisahau. Miaka ile kumwinua mgonjwa ilikuwa kazi ya misuli kila mahali, Moscow sawa na London, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Ninachotaka uone ni umri. Jengo la hospitali huishi zaidi ya nusu karne. Wadi inayojengwa mwaka huu, wajukuu wako watalazwa humo.

Na tangu ugatuzi ulipoleta hospitali mikononi mwa kaunti mwaka wa 2013, tumekuwa watu wa kuweka mawe ya msingi. Mhandisi anapochora dari ya zege, kuongeza vyuma na kuacha sehemu za kufungia reli za siku zijazo ni nyongeza ndogo katika kazi ambayo inafanyika hata hivyo. Lakini ukishamaliza, ukapaka rangi, ukafunika kwa bodi za jipsamu, kisha baada ya miaka kumi ukaamua kufunga reli, itakubidi umwite mhandisi upya, ubomoe bodi, uhamishe taa na mabomba, na uwatoe wagonjwa wadini. Bodi ya jipsamu peke yake haishikilii mtu. Kwa majengo ya zamani yasiyo na dari ya kuaminika, kuna fremu zinazosimama kwa nguzo zake zenyewe, nazo husaidia, ila ndizo hizo tena zinazokula nafasi ya sakafu.

Kwa hiyo kaunti ikiwaita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, na katika orodha kuna wadi mpya, hapo pana swali la kuulizwa. Si lazima mashine inunuliwe mwaka huo. Inunuliwe ikipatikana pesa, hata kama ni moja kwa kuanzia, iwekwe wadi ya mifupa au ya kiharusi. Lakini dari iwe tayari kuipokea.

Na hadi siku hiyo? Sista wa Nyalenda alinifundisha machache, nami nayapitisha kwako kwa sababu wengi wetu tuna mgonjwa nyumbani. Funga breki kwanza, ya kitanda na ya kiti, kabla hujamgusa mtu. Kama kitanda kinapandishwa, kipandishe hadi kiunoni mwako. Usimvute mgonjwa wa kiharusi kwa mkono wake uliopooza wala kwa makwapa, bega lile ni rahisi kuteguka na maumivu yake hayaishi upesi. Shuka laini ya kuteleza iliyowekwa chini ya mwili humfanya mgonjwa asogee badala ya kuinuliwa, na hapo kazi hupungua. Anayeweza kukaa anaweza kuhamia kwenye kiti cha magurudumu kwa kuteleza juu ya ubao uliopigwa randa ukawa laini, kingo zake zimeviringwa, lakini mwombe kwanza mtaalamu wa viungo akuonyeshe. Na mwambie mgonjwa unachotaka kufanya kabla hujakifanya, maana mara nyingi ana mguu mmoja mzima au mkono mmoja mzima wa kukusaidia, ila hakuna aliyemwomba. Wale mafundi wa jua kali wanaonisoma nawajua pia. Tafadhali, msimtundike nyanya kwa cheni bloku ya injini. Kifaa cha kuinulia binadamu hupimwa na kuidhinishwa kivyake.

Waya aliruhusiwa kurudi nyumbani. Yuko Ahero kwa mwanawe, na ubao ule ameshauzoea. Maneno yalimrudia kidogo kidogo. Siku ya kwanza aliyoweza kutamka sentensi nzima tulikuwa tumemzunguka wote, tukitarajia atamshukuru Mungu au ataitisha chai. Akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Siku ile mlinibeba kama mbuta." Tulicheka sana, kwa kuwa sisi ni watu wa ziwa na mbuta twamjua anavyotolewa ndani ya mashua. Yeye hakucheka.

Majuzi nilipita penye wadi inayojengwa katika mji mmoja wa ufuo huu. Mbao zilikuwa zimepigwa na vyuma vimefungwa tayari kwa zege ya dari. Nikamwuliza msimamizi dari hiyo itabeba nini.

"Taa na feni, madam," alijibu. "Kwani kuna nini kingine?"

Nikamweleza, kama dakika kumi hivi, akiwa amesimama juani na kofia yake ya plastiki. Akasema hayo ni ya mhandisi, naye huja Jumanne. Nitarudi Jumanne. Nawe msomaji, ikiwa ni muuguzi uliyeumia mgongo kazini, au unamtunza mgonjwa nyumbani na umegundua njia yako ya kumsogeza, niandikie kupitia kwa mhariri wa jarida hili. Majina yenu hatutayachapisha msipotaka.